Jina la Kati la Binti Liwe Lake Mwenyewe

Wazazi wengi wa Bukoba na Muleba huanza kulifikiria jina la kwanza la binti mimba ikiwa bado changa. Litatoka kwenye kalenda ya watakatifu, kwenye Kurani, kwa shangazi anayeheshimiwa, au kwa msanii anayetamba wakati huo. Jina la kati halipati mjadala kama huo. Siku ya kuandikisha, karani anauliza, "La kati?" Baba anataja jina lake, na shughuli imekwisha. Mtoto anatoka pale akiitwa, tuseme, Angela Deogratias Rwegasira, na katika majina yake matatu, mawili ni ya wanaume waliozaliwa kabla yake. Makala hii inatetea utaratibu mwingine: nafasi ya kati ipewe jina la Kihaya lililochaguliwa kwa ajili ya binti huyo, na jina linalowaunganisha watoto wa nyumba hiyo libaki mwishoni. Sababu zake ni za kimila na ni za kiofisi pia, na ni vyema kuzipima mapema, kwa kuwa jina likishaingia kwenye cheti, kulitoa ni kazi.

Anayedhani kwamba jina la baba katikati ndiyo mila ya Wahaya atazame kizazi cha mababu. Kardinali Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kupewa ukardinali, mwaka 1960, alizaliwa Bukongo mwaka 1912. Baba yake aliitwa Domitian Rushubirwa na mama yake Asteria Mukaboshezi. Hao ni watu watatu wa nyumba moja wenye majina matatu tofauti ya Kihaya. Mtoto hakuitwa Laurean Domitian, wala hakurithi Rushubirwa. Kila mtu alipewa jina lake, na nasaba ilijulikana kwa njia nyingine: ukoo na mwiko wake, kijiji, na wazee waliojua nani kazaliwa na nani. Wamisionari wa White Fathers walipofungua misheni ya Kashozi mwaka 1892 na kuanza kubatiza, jina la ubatizo lilikuja kukaa mbele ya jina la Kihaya bila kulifukuza. Mpangilio huo bado unaonekana ukiyasoma majina ya maaskofu wa Bukoba wa miaka ya karibuni: Nestorius Timanywa, Desiderius Rwoma, Jovitus Mwijage. La kalenda liko mbele, la Kihaya linafuata. Wanawake nao walipangwa hivyo hivyo. Leokadia, Domitila, Koletha au Verdiana wa kizazi kile alikuwa na jina la Kihaya lililomfuata, naye aliitwa kwa jina hilo nyumbani, shambani na msibani.

Kilichobadilisha mambo ni fomu. Shule, hospitali, jeshi na benki zilihitaji njia moja ya kuwatofautisha watu nchi nzima, na njia iliyoenea Tanzania ni ya visanduku vitatu: la kwanza, la kati, la mwisho. Kwa jamii ambazo toka zamani mtu hutajwa kwa jina lake, la baba yake, kisha la babu yake, visanduku hivyo vinatosha kabisa, kila jina linaingia mahali pake. Kwa Wahaya havikutosha. Mtoto alikuwa na majina mawili yaliyo yake, la dini na la Kihaya, na baba na babu walipodai visanduku viwili, mtoto akabakiwa na kimoja. Lililodondoka ni la Kihaya. Hasara hiyo inamgusa binti kuliko kaka yake, kwa sababu Kihaya hutenganisha majina ya kike na ya kiume. Majina yanayoanza na Koku- au Ke- ni ya kike. Yale ya Rwe- na Rwa-, kama Rweyemamu na Rwegasira, kwa kawaida ni ya kiume. Binti anayebeba Rwegasira peke yake anabeba jina ambalo lisingechaguliwa kwa ajili yake, na hilo la kike analoitwa na bibi yake halimo katika karatasi hata moja.

Orodha za Bunge zinaonyesha jinsi mazoea haya yalivyokita mizizi. Mkoa wa Kagera umewahi kuwakilishwa katika viti maalumu na Conchesta Leonce Rwamlaza na Oliver Daniel Semuguruka. Katika majina yao rasmi, nafasi ya kati ina jina la kiume la ubatizo. Si kosa lao wala la wazazi wao. Ndivyo Watanzania wengi tunavyoandikwa. Ila msomaji wa orodha hiyo atajua kutoka nafasi ya kati kwamba kuna mwanamume aitwaye Leonce au Daniel, na hatajua lolote zaidi kuhusu mwanamke mwenyewe. Nafasi ni tatu tu. Ni haki kuuliza kama moja ya hizo inatumika vizuri ikirudia habari ambayo cheti cha kuzaliwa tayari kinayo katika safu ya jina la baba.

Tukikubaliana hapo, swali linakuwa: jina lipi? Anza na jina la kwanza, kwa maana la kati litaishi nalo. Jina la kwanza fupi, kama Anna, Rose au Asha, linabeba vizuri jina refu la Kihaya: Anna Kokushubira, Asha Kokwijuka. La kwanza likiwa refu lenyewe, kama Theonestina, ukiliongezea Kokushubira na jina la ukoo la silabi tano, umempa mtoto mstari usioenea kwenye fomu na usiotamkika kwa pumzi moja. Huyo mpe Asimwe au Atugonza. Kisha linganisha maana. Kokushubira limetokana na kutumaini, Kokugonza na kupenda, Kokwijuka na kukumbuka. Kemilembe ni la amani, Kemigisha la baraka, Kembabazi la huruma na neema. Kwa hiyo Neema Kembabazi ni jambo moja lililosemwa mara mbili, na Tumaini Kokushubira vilevile. Hakuna ubaya wa kusisitiza, lakini mzazi mwenye majina mawili mkononi anaweza kusema mambo mawili. Neema Kokwijuka, kwa mfano, ina neema na kumbukumbu, na inawafaa watu waliopata mtoto baada ya kufiwa.

Tazama pia majina ya nyumba nzima. Karibu kila jina la Koku- hukatwa likawa Koku tu. Ukiwa na Kokushubira na Kokugonza chini ya paa moja, umepata akina Koku wawili, na baada ya mwezi mmoja, mmoja wao atapewa jina la utani ambalo hukulichagua. Wa kwanza akiwa wa Koku-, wa pili apewe la Ke- au la namna nyingine. Asimwe, ambalo ni la kumshukuru Mungu, hupewa wavulana na wasichana. Kama jina la kwanza nalo haliashirii jinsia, chagua la kati linaloashiria. Nyangoma na Nyakato ni majina ya mapacha wa kike, kama Ishengoma na Kato yalivyo ya wa kiume. Ukimpa mtoto asiye pacha jina la Nyakato kwa sababu linapendeza masikioni, kila Mhaya atakayekutana naye atamuuliza pacha wake yuko wapi. Kama ni la bibi yake aliyekuwa pacha kweli, basi ana jibu. Kama halina chanzo, umempa mtoto swali la maisha.

Lipo kundi moja linalohitaji tahadhari zaidi. Majina ya Kihaya mara nyingi ni kauli kamili, na si zote ni za furaha. Marafiki wasio na shukrani, majirani wenye husuda, vifo vilivyofuatana: mababu walivisema hivyo vyote kwa kumpa mtoto jina. Mengi ya namna hii huanza na Ti-, kiambishi cha kukanusha. Tibaijuka, kwa mfano, husema "hawakumbuki". Wanaisimu wameyachambua majina ya aina hii kwa makini, akiwamo Profesa Henry Muzale wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mtunzi wa kamusi ya Kihaya, na yana thamani kubwa kama kumbukumbu za ukoo. Yakirithiwa kama jina la mwisho hayamdhuru mtu, maana kila mmoja anajua yalimhusu babu. Lakini kumtungia binti wa leo kauli mpya ya kuwajibu mawifi au wenye shamba la jirani ni kumtuma mtoto mchanga kwenye ugomvi usio wake. Ugomvi utaisha, na jina litabaki. Waulize wazee wa pande zote mbili maana ya jina kabla ya kulikubali, na uliza pia lilitolewa kwa nani na katika hali gani, maana jina tamu linaweza kuwa na historia chungu katika ukoo mmoja na lisiwe nayo katika ukoo mwingine.

Baada ya maana huja tahajia. Jina moja la Kihaya linaweza kuandikwa Kemilembe au Kemirembe; ng'ambo ya mpaka, Uganda, utakuta Asiimwe yenye i mbili. Zote ni sahihi mahali pake. Tatizo huanza pale kadi ya kliniki inapokuwa na moja, cheti cha ubatizo kingine, na daftari la shule la tatu. Karani aliyetoka mkoa mwingine ataandika anachosikia. Kwa hiyo liandike jina kwa herufi kubwa kwenye karatasi kabla ya kujifungua, liwekwe pamoja na kadi ya kliniki, na anayekwenda kuandikisha asilitaje kwa mdomo tu, aikabidhi karatasi hiyo.

Sasa tuzisikilize hoja za upinzani, kwa sababu zipo na zina uzito. Ya kwanza ni ya ofisi: kwamba serikali inataka jina la baba katikati, na mtoto asiye nalo atasumbuka shuleni, kwenye mkopo wa chuo na kwenye kitambulisho cha taifa. Ukweli ni kwamba kinachowasumbua watu katika ofisi hizo ni majina yasiyolingana. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kina safu yake ya jina la baba na safu yake ya jina la mama. Fomu ya NIDA ya kitambulisho cha taifa nayo huuliza majina ya wazazi mahali pake. Bodi ya Mikopo huhakiki cheti cha kuzaliwa cha mwombaji, na Baraza la Mitihani huandika kwenye cheti majina yaliyosajiliwa na shule. Mtoto aliye Anna Kokushubira Rwegasira tangu cheti cha kuzaliwa hadi cheti cha kidato cha nne hana la kueleza. Anayepata taabu ni yule aliye Kokushubira kwenye cheti cha kuzaliwa na Deogratias kwenye daftari la shule, na huyo mara nyingi alikosewa siku ya kwanza darasani, mwalimu alipouliza, "Baba yako anaitwa nani?" akaandika jibu kama jina la kati. Dawa ni kupeleka nakala ya cheti siku ya kumwandikisha darasa la awali na kuhakikisha kwa macho yako kilichoandikwa.

Hoja ya pili ni ya ukoo na ardhi. Wazee wengine husema binti asiyebeba jina la baba yake atapoteza kamba inayomfunga na kibanja cha ukoo. Muleba ina jibu lake, na ni jibu maarufu kuliko mengi katika sheria za nchi hii. Holaria Pastory alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia, akaliuza mwaka 1988, na mtoto wa ndugu yake, Bernardo Ephrahim, akafungua kesi Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha akidai kwamba mwanamke wa Kihaya hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Februari 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu ya Mwanza aliamua kwamba kanuni hiyo ya mila inawabagua wanawake na inapingana na Katiba. Hukumu hiyo haikumpa Holaria haki kwa sababu ya jina alilobeba. Shamba alilipata kwa wosia wa baba yake, na hukumu ilitegemea Katiba inayokataza ubaguzi. Mzazi anayetaka kumlinda binti yake katika urithi aandike wosia na ahifadhi cheti cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote wawili. Jina la baba katikati halifanyi kazi ya karatasi hizo.

Ya tatu inatoka kwa wanawake wenyewe, nayo ndiyo ninayoiheshimu zaidi. Binti akiolewa na kuchukua jina la mume, jina la kati ndilo litakalobaki kumtambulisha na nyumba aliyotoka. Profesa Anna Kajumulo Tibaijuka, mzaliwa wa Muleba aliyeongoza UN-Habitat tangu mwaka 2000 hadi 2010, ni mfano unaojulikana dunia nzima: Kajumulo ni la kwao, Tibaijuka ni la kwa mume. Hilo ni matumizi mazuri ya nafasi ya kati, ila lilipatikana kwa kulisogeza jina la nyumbani katikati wakati wa ndoa, na mlango huo unabaki wazi kwa mwanamke yeyote mzima anayeutaka. Isitoshe, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimlazimishi mke kubeba jina la mume. Binti aliyepewa jina lake la Kihaya utotoni anaweza kubaki nalo pamoja na la baba yake daima, au kupanga upya atakapoolewa, kwa uamuzi wake. Wazazi wasimpangie leo kwa kukisia ndoa ya miaka 25 ijayo.

Ya nne ni ya imani. Kwa Wakatoliki, sheria ya zamani ya Kanisa, ya mwaka 1917, ilimtaka paroko ahakikishe mtoto anapewa jina la Kikristo, na wazazi wasipokubali aongeze la mtakatifu. Ile ya mwaka 1983 imelegeza: inakataza jina lisilopatana na roho ya Kikristo. Jina la amani, la tumaini au la kumshukuru Mungu halina kikwazo hapo, iwe mbele au katikati, kwa hiyo mwombe paroko aandike majina yote mawili katika daftari la ubatizo kama yalivyo kwenye cheti cha serikali. Kwa Waislamu wa Bukoba jambo ni nyeti zaidi, kwa kuwa Kurani inaagiza watoto wanasibishwe na baba zao, na mpangilio wa jina la mtoto, la baba na la babu unatimiza agizo hilo waziwazi. Familia ya namna hiyo isione haya kuuacha ushauri wangu nusu. Inaweza kumwandika Aisha Kemilembe katika nafasi ya kwanza, majina mawili pamoja, kisha la baba, kisha la babu. Nasaba imebaki kamili, na binti ana jina la Kihaya lenye maana njema, ambalo dini hailikatazi.

Ya tano husemwa na waliohamia Dar es Salaam au Mwanza: kwamba jina la Kihaya linamtia mtoto alama ya kabila, na kwamba hakuna atakayeweza kulitamka. Kuhusu alama, Rwegasira la mwisho tayari limeshasema anakotoka. La kati haliongezi siri wala haliifichui. Kuhusu kutamka, watu wanaomudu Rweyemamu na Rutashobya hawatashindwa na Kemilembe. Hata hivyo hoja hii inanikumbusha kuweka mpaka. Ninachotetea ni jina lililo la binti mwenyewe. Kwa nyumba ya Wahaya, jina hilo ni la Kihaya. Kama mama ni Msukuma au Mnyakyusa, nafasi ya kati inaweza kuwa ya jina la kike la kwao, nalo likawa daraja kwa upande ambao kwenye jina la mwisho haupo kabisa.

Kwa utekelezaji, fanya mambo kwa mpangilio. Kubalianeni majina yote matatu kabla ya miezi tisa kutimia, mkiwa mmeshawasikia babu na bibi, na watoto wote wa nyumba moja wawe na jina moja la mwisho. Awe anazaliwa Hospitali ya Rufaa ya Bukoba, Rubya, Ndolage au Kagondo, lisome tangazo la kizazi kabla ya kuondoka wodini, na ukiona herufi imekosewa omba irekebishwe pale pale. Usajili wa kizazi unatakiwa ufanyike ndani ya siku 90. Ukichelewa, maswali huwa mengi. Usiridhike na tangazo ukadhani ni cheti. Ubatizo au akika ifuate majina ya cheti, na shule ifuate hayo hayo. Kubadilisha baadaye kwa kawaida kunahitaji hati rasmi ya kubadili jina iliyosajiliwa, na hata ukiipata, bado utakuwa na vyeti vya zamani vya kuvieleza.

Kwa sababu hiyo, mzazi ambaye binti yake ameshaingia shule na jina la baba katikati asikimbilie kubadilisha. Gharama na usumbufu ni vikubwa kuliko faida. Ampe jina la Kihaya kama hajampa, amwite kwa jina hilo nyumbani, na amweleze maana yake. Akifika umri wa kujiamulia ataona mwenyewe kama anataka kulipeleka kwenye karatasi. Ushauri huu unawahusu hasa wale ambao fomu yao bado haijajazwa. Jina la baba lina safu yake kwenye cheti, na jina la ukoo lina sanduku la mwisho. La katikati likiandikwa Kokushubira au Kemilembe, hakuna aliyenyang'anywa kitu.